Dima Janja Moja, Swichi Nyingi: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Nyumba Nairobi

Maswali haya yanatoka kwa watu wa nyumba za kawaida za Nairobi: maisoneti yenye ngazi, fleti yenye korido ndefu, sebule ya spotilaiti za gipsamu iliyo na milango miwili. Majibu ni ya stima yetu ya volti 240, hezi 50, na nyaya zilizovutwa ndani ya paipu. Soma kwanza kabla hujashuka Luthuli Avenue, maana dima (swichi ya kufifisha taa) itakayokufaa inategemea nyaya zilizo ndani ya ukuta wako kuliko kilichopo dukani.

Dima janja ina tofauti gani na ile ya kuzungusha?

Zote hufifisha taa kwa kukata kipande cha kila wimbi la stima. Stima ya hezi 50 ina nusu-wimbi 100 kwa sekunde. Kadiri kipande kinachokatwa kinavyokuwa kikubwa ndivyo taa inavyofifia. Ile ya kuzungusha husubiri mkono wako. Dima janja ina saketi ndogo yenye redio, iwe ya Wi-Fi, Zigbee au Z-Wave, kwa hivyo huweza kuagizwa na simu, na saa, au na kitufe kilicho chumba kingine. Saketi hiyo lazima ipate stima muda wote, hata taa ikiwa imezimwa. Shika hilo, kwa sababu karibu kila shida utakayoisoma hapa chini imetoka hapo.

Ngazi yangu ina swichi mbili, chini na juu. Si ninunue dima mbili?

Hapana. Ukiweka dima mbili zikifuatana kwenye taa moja, ya pili inapewa wimbi ambalo ya kwanza imeshalikata, nayo inajaribu kulikata tena. Taa zitapepesa, dima itavuma, na mojawapo inaweza kuungua.

Taa moja, dima moja. Swichi nyingine zote kazi yao ni kupeleka ujumbe tu. Ni kama matatu: dereva ni mmoja, lakini abiria yeyote, awe amekaa mbele au nyuma kabisa, anaweza kugonga bodi ashuke.

Kuna dima zinazouzwa kwa jozi, moja kuu na nyingine msaidizi. Kwa sura zinafanana kabisa, ila msaidizi haibebi mzigo wa taa hata kidogo. Hutuma ishara kwa ile kuu, kwa waya au kwa redio. Hizo ni halali, mradi zote mbili ni za kampuni moja na mchoro wao unaonyesha zikiwa pamoja.

Jambo la pili ambalo watu hulipitia haraka: dima janja upande mmoja, swichi ya zamani upande wa pili, na nyaya zikaachwa vilevile. Mtu akibonyeza ile ya juu, anaikatia dima stima. Inapotea kwenye simu, na nyumba nzima inaanza kulaumu Wi-Fi. Zipo dima zilizotengenezwa kuishi na swichi ya kawaida ya njia mbili (ile inayotumika taa moja ikiwashwa kutoka sehemu mbili), na mchoro wake utakuonyesha skrubu ya ziada ya kuisoma swichi hiyo. Kama mchoro hauionyeshi, usijipe moyo kwamba itakubali.

Nitajuaje waya upi ni upi?

Zima swichi kuu, hakikisha hakuna stima, kisha fungua swichi ya ngazi. Swichi ya njia mbili ina skrubu tatu: COM, L1 na L2. Upande mmoja, COM hupokea laivu, yaani waya unaoleta stima, kutoka kwa breka. Upande wa pili, COM hupeleka stima kwenye taa. Kati ya L1 na L2 za pande zote mbili kuna nyaya mbili ambazo mafundi huziita strapa. Breka ikiwa imewashwa, strapa moja ina stima na nyingine haina. Ukibonyeza swichi ya upande wa laivu, zinabadilishana. Ukiona skrubu nne, hiyo ni intamidieti, swichi ya katikati, na maana yake taa hiyo inawashwa kutoka sehemu tatu au zaidi.

Rangi usiziamini. Nyumba nyingi za Nairobi zina nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro (waya wa kurudisha stima) na kijani kwa ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini). Nyaya za mpango mpya ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Hadi hapo ni sawa, mpaka ukumbuke kwamba katika mpango ule wa zamani wa fezi tatu, fezi zenyewe, yaani nyaya tatu za laivu, zilikuwa nyekundu, njano na buluu. Kwa hivyo buluu kwenye fleti ya zamani inaweza kuwa laivu, na buluu ya jengo jipya ikawa nyutro. Strapa nazo huwa za rangi yoyote iliyokuwa imebaki kwenye roli siku hiyo.

Halafu kuna video za Marekani. Huko waya mweusi ndio laivu na mweupe ndio nyutro. Ukifuata video hiyo neno kwa neno katika nyumba ya Umoja au Lang'ata, utakuwa umegeuza mambo juu chini. Pima kwa multimita, bandika kipande cha tepu kwenye kila waya na uandike ulikotoka, piga picha, ndipo ulegeze skrubu ya kwanza.

Testa ya bisibisi haitoshi?

Haitoshi. Huwaka kwa waya ambao umelala tu kando ya waya wenye stima, na wakati mwingine hukataa kuwaka palipo na stima kweli. Chukua multimita, ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua inafanya kazi, pima kwenye swichi, kisha rudi kwenye soketi uthibitishe kwamba mita yenyewe haijafa katikati ya kazi.

Fundi ameniambia kwa swichi hakuna nyutro. Ni kweli?

Mara nyingi ni kweli, na si ujanja wa kukuongezea bili. Tulirithi mtindo wa Uingereza wa kupeleka kwenye swichi laivu na waya wa kurudi taani peke yake. Nyutro hupita juu, kutoka taa hadi taa. Swichi ya kawaida haiihitaji. Dima janja nyingi zinaihitaji, kwa sababu ya ile saketi isiyolala.

Unazo njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kuvuta nyutro. Hapa nyumba zetu zina bahati, kwa kuwa nyaya zimo ndani ya paipu. Fundi mwenye waya wa kuvutia anaweza kushusha waya mmoja wa 1.5 mm² kutoka taani hadi kwenye boksi ya swichi bila kuvunja ukuta, ikiwa paipu haijajaa na haikuzibwa na simiti wakati wa kupiga plasta. Nyutro hiyo lazima iwe ya laini ile ile, yaani ya breka ile ile, inayolisha taa hiyo. Ya soketi iliyo karibu haifai.

Ya pili ni dima isiyohitaji nyutro. Hiyo hujilisha kwa kupitisha mkondo mdogo sana ndani ya taa yenyewe, hata taa ikiwa imezimwa. Balbu za zamani za waya wa moto hazikuuhisi. Balbu za LED huuhisi: zinawaka hafifu usiku, au zinapepesa kila sekunde chache. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachoitwa bypasi, kinachofungwa palepale kwenye taa, kati ya waya unaotoka kwenye dima na nyutro, ili mkondo ule upite humo badala ya kupita kwenye balbu. Moduli (dima ndogo za kufichwa nyuma ya swichi) za kampuni za Shelly na Fibaro zina bypasi zake zinazouzwa kando. Angalia pia kiwango cha chini cha wati kilichoandikwa kwenye karatasi ya dima, kwa sababu balbu moja ya wati 5 mara nyingi haikifikii.

Njia ya tatu ipo, na si ya heshima: kutumia ethi kama nyutro. Taa itawaka na dima itafanya kazi. Lakini umefanya ethi ya nyumba nzima kuwa njia ya stima, na siku waya huo utakapokatika mahali, kila chuma kilichofungwa kwenye ethi hiyo kuanzia hapo kinaweza kupanda hadi volti 240. Fundi akikuambia ethi na nyutro ni kitu kimoja, mlipe nauli yake na umfungulie geti.

Ninaishi maisoneti. Nilizima breka ya taa za juu, lakini fundi alipigwa na stima kwenye taa ya ngazi. Ilikuwaje?

Huenda ni nyutro ya kuazima. Swichi ya chini ilichukua laivu kutoka laini ya taa za chini, na taa yenyewe, kwa kuwa iko juu, ikachukua nyutro ya laini ya juu. Aliyeunganisha aliokoa mita chache za waya. Matokeo yake, ukizima breka moja, nyutro ya taa ile bado inaweza kubeba stima ya laini nyingine mtu anapoifungua. Ikiwa kila laini ina RCD yake (swichi ya usalama inayojizima stima ikivuja), itaanguka kila ukiwasha taa ya ngazi.

Kwa taa ya ngazi zima swichi kuu, usiridhike na breka moja. Na kabla ya kufunga dima yoyote, shida hiyo irekebishwe, taa na swichi zote ziwe za laini moja.

Kuna jingine la ukoo huo huo. Ukikuta kila swichi ya ngazi ina laivu na nyutro zake zimefungwa kwenye L1 na L2, na COM zote mbili zinaelekea taani, nyumba yako ina mtindo wa zamani ambao taa inaweza kuwa imezimwa huku kishikio cha balbu kikiwa na laivu pande zote mbili. Dima haifungwi hapo kabisa. Mtindo huo unang'olewa, nyaya zinavutwa upya.

Kati ya njia zote, ipi bora kwa sehemu mbili au tatu?

Tukiulizwa sisi: moduli ndogo ya dima nyuma ya swichi, pamoja na swichi za kengele kila mahali. Swichi ya kengele ni ile inayorudi yenyewe ukiachilia kidole. Ukigusa mara moja, taa inawaka au inazimika. Ukishikilia, mwanga unapanda au unashuka. Vitufe hivyo ni bei ya kawaida, havina redio ndani ya kuharibika, na unaweza kuongeza cha nne au cha tano kwa kukiunganisha sambamba na vingine. Mama mkwe akija kukaa wiki mbili, hahitaji programu ya simu wala mafunzo.

Jozi ya kuu na msaidizi ni nzuri zaidi kwa macho, lakini kampuni ikiacha kutengeneza msaidizi wake, na moja ikafa, unabadilisha zote. Vitufe vya betri vya kubandika ukutani ni rahisi kuliko vyote na vina nafasi yake, hasa kwa wapangaji. Hupotea, ndiyo shida. Vinaishia chini ya makochi.

Nionyesheni waya kwa waya, kwa ngazi ya swichi mbili.

Haya. Tuseme boksi ya chini ndiyo yenye laivu, na boksi ya juu ndiyo yenye waya unaokwenda taani. Kati yao kuna strapa mbili. Moduli ni ya aina isiyohitaji nyutro, na mchoro wake unaonyesha kitufe kikipata stima kutoka kwa L ile ile ya moduli. Swichi kuu imezimwa.

Boksi ya chini: ondoa swichi ya zamani. Unganisha laivu na strapa ya kwanza moja kwa moja kwenye kiunganishi, na utoe kipande kifupi kutoka hapo hadi upande mmoja wa kitufe kipya. Upande wa pili wa kitufe, funga strapa ya pili. Kuanzia sasa strapa ya kwanza ni laivu ya kudumu, na strapa ya pili ni waya wa ujumbe.

Boksi ya juu, anakokaa dereva wetu, yaani moduli: strapa ya kwanza inaingia kwenye L ya moduli. Strapa ya pili inaingia kwenye skrubu ya swichi, inayoandikwa S au SW. Waya wa taa unaingia kwenye skrubu ya kutoa, mara nyingi O. Kitufe cha juu kinafungwa kati ya strapa ya kwanza na ya pili, sawasawa na cha chini. Basi. Nyaya mbili zilizokuwepo tangu nyumba ijengwe zimetosha, ukuta haujaguswa.

Kama moduli yako inataka nyutro, hiyo ndiyo inayovutwa kutoka taani hadi boksi ya juu, na mengine hayabadiliki. Kama moduli ina skrubu yake maalumu ya kulisha vitufe badala ya kutumia L, mpango huu hautoshi: strapa zote mbili zitachukuliwa na vitufe na utahitaji waya wa tatu wa kuleta laivu. Ndiyo sababu mchoro unasomwa dukani kabla ya kulipa.

Mwisho, ingia kwenye programu ya moduli na uiambie kwamba swichi ni ya kubonyeza na kurudi. Ukiiacha kwenye mpangilio wa swichi ya kawaida, taa itawaka ukibonyeza na kuzimika ukiachilia, nawe utadhani umeunganisha vibaya.

Na kukiwa na swichi ya tatu katikati?

Ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ondoa ile intamidieti ya skrubu nne. Strapa ya kwanza inayoingia iunganishe na ya kwanza inayotoka, ya pili na ya pili. Weka kitufe kati ya hizo mbili. Kazi ya pekee ni kuhakikisha hujazichanganya, kwa sababu intamidieti huzivusha na mafundi hawakuwa na sababu ya kulinganisha rangi pande zote mbili. Pima kwa mita ikiwa kwenye mlio, stima ikiwa imezimwa.

Taa inajiwasha usiku wa manane. Ni majini?

Ni waya wa ujumbe. Ukilala mita nyingi kando ya waya wenye stima ndani ya paipu moja, unaweza kuokota volti kidogo, na moduli ikadhani mtu amebonyeza. Angalia kwanza kama vitufe vyako vina kile kitaa chekundu cha kuonekana gizani. Kitaa hicho hupitisha mkondo mdogo muda wote, na moduli nyingi hazikitaki. Kiondoe au nunua kitufe kisicho nacho. Shida ikibaki, angalia skrubu zilizolegea, halafu uliza muuzaji kama moduli ina kifaa cha kutuliza waya mrefu.

Nimefunga dima lakini spotilaiti zinavuma na kupepesa.

Soma boksi ya balbu. Kama haijaandikwa kwamba inafifishwa, haifai kwenye dima, hata ikionekana inakubali siku ya kwanza. Spotilaiti nyingi za gipsamu zinazouzwa kwa bei ya jumla zina kiendeshi (driver, saketi inayoilisha LED) kidogo kisichojua kufifishwa, na hicho kiendeshi ndicho kinachovuma juu ya dari.

Kama balbu ni sahihi, tazama aina ya dima. Zipo zinazokata mwanzo wa wimbi, ambazo zilitengenezwa kwa balbu za zamani, na zinazokata mwisho wa wimbi, ambazo LED nyingi huzipenda zaidi. Dima janja nzuri hukuachia uchague, au hujipima yenyewe mara ya kwanza. Weka pia kiwango cha chini kwenye programu: LED nyingi hupepesa zikishuka sana, kwa hivyo zuia dima isiteremke chini ya pale mwanga unapotulia.

Hesabu ya wati nayo isikudanganye. Dima iliyoandikwa wati 400 kwa balbu za zamani haibebi wati 400 za LED. Tafuta namba ya LED iliyoandikwa kando; isipokuwepo, mafundi huchukua sehemu moja ya kumi, yaani 40, ili wawe salama.

Utepe wa LED wa volti 12 au 24 ni kesi nyingine. Unahitaji kiendeshi kinachofifishwa, au dima ya volti hizo ikae baada ya kiendeshi. Mirija ya floresenti usiijaribu.

Dada yangu ameniletea dima nzuri kutoka Marekani. Nifunge?

Mshukuru, kisha soma nyuma yake. Ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, itakufa ikiguswa na 240, na huenda ikafa kwa moshi. Hata ikiwa ya volti zote, boksi za huko ni za kusimama na matundu yake ya skrubu hayalingani na boksi zetu, ambazo matundu yake yako milimita 60.3. Za Z-Wave zina shida nyingine: redio ya Marekani hutumia megahezi 908 na ya Ulaya 868, hazizungumzi. Zigbee na Wi-Fi hazina mgogoro huo.

Moduli haiingii kwenye boksi. Nifanyeje?

Boksi zetu za inchi 3x3 mara nyingi ni fupi kwa kina, na ukishaingiza nyaya nne na kiunganishi nafasi imekwisha. Usisukume kwa nguvu ya bega. Waya ukibanwa na skrubu ya sahani utapata shoti baadaye. Badilisha boksi iwe ya kina cha milimita 47 hivi, au tumia sahani yenye kina ya kuinua swichi kidogo kutoka ukutani. Kama ukuta ni wa mawe na hutaki vumbi, boksi ya 3x6 iliyo karibu mara nyingi ina nafasi upande mmoja. Dima hupata joto, kwa hivyo ukizipanga mbili tatu pamoja, kila moja ibebe chini ya uwezo wake. Sahani ya chuma lazima ifungwe ethi.

Stima ikipotea na kurudi, taa zote zitawaka saa tisa usiku?

Zikiwa zimepangwa hivyo, ndiyo. Kwenye programu kuna sehemu ya kuchagua hali baada ya stima kurudi: kuzima, kuwasha, au kurudi ilivyokuwa. Chagua kuzima kwa vyumba vya kulala na kurudi ilivyokuwa kwa ngazi. Kinachoua dima si kupotea kwa stima, ni kule kurudi kwa kishindo. Kinga ya kishindo hicho (surge protector) kwenye sanduku la breka inastahili gharama yake.

Walio na inveta wasome hapa mara mbili. Inveta za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi-ngazi, na dima inayokata wimbi haielewi ikate wapi. Zitavuma, zitapepesa, na mwisho zitaharibika. Inveta iwe ya wimbi safi lisilo na ngazi, linaloandikwa “pure sine wave”. Na kwa usalama: kuzima swichi kuu ya Kenya Power hakuzimi taa zilizo kwenye inveta. Inveta nayo izimwe kwa mkono, kisha upime.

Intaneti ikikatika, nitakaa gizani?

Vitufe vya ukutani vitaendelea kufanya kazi, ndiyo raha ya kuviunganisha kwa waya. Simu ni hadithi tofauti: vifaa vinavyotegemea seva ya kampuni vitanyamaza, vile vinavyoongea ndani ya nyumba vitaendelea mradi ruta ina stima. Vingi hutumia Wi-Fi ya gigahezi 2.4 pekee, kwa hivyo vikikataa kuunganishwa, tenganisha hiyo na ile ya gigahezi 5 kwenye ruta kwanza.

Na ukihama kampuni ya faiba, ipe ruta mpya jina na nywila zile zile za ile ya zamani. Vifaa vyote vitaingia vyenyewe.

Ninaweza kuifanya mwenyewe?

Kubandika kitufe cha betri, ndiyo. Kugusa nyaya za ukutani ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kusimamia kawi na petroli), chini ya Sheria ya Kawi ya 2019; daraja la C2 ndilo la stima ya fezi moja. Mwambie akuonyeshe leseni, haudhiki aliye nayo. Ukurasa huu utakusaidia kumuuliza maswali na kujua anapokisia. Na wakati wa kununua, tafuta stika ya KEBS (shirika la viwango) ya bidhaa zilizoingizwa nchini. Moduli isiyo na jina wala mchoro ni ya kuachwa kaunta.

Nimepanga. Mwenye nyumba hataki nyaya ziguswe.

Tumia balbu janja na vitufe vya betri. Swichi ya ukutani iachwe imewashwa daima, kwa sababu ukiizima balbu inakuwa balbu ya kawaida. Usiweke balbu janja kwenye taa iliyo na dima ya ukutani. Moja inakata wimbi, nyingine inahitaji wimbi zima. Ukihama, unaondoka nazo.

Itapunguza tokeni?

Kidogo mno. Spotilaiti 10 za wati 5 ni wati 50. Kwa saa nne ni yuniti 0.2. Ukizififisha hadi zitumie nusu ya stima, unaokoa yuniti 0.1 kwa siku, karibu 3 kwa mwezi, na moduli yenyewe ikila wati moja mchana na usiku inarudisha karibu 0.7. Nunua kwa ajili ya starehe ya macho.

Naweza kuitumia kwa feni au shawa ya maji moto?

Usijaribu. Mota ya feni itavuma na kupata joto, na shawa inakula ampia nyingi kuliko dima yoyote ya ukutani inavyobeba. Soketi pia hapana, maana hujui nani atachomeka nini.

Ninajenga Ruiru, tuko kabla ya plasta. Nimwambie fundi nini?

Nyutro ifike kwenye kila boksi ya swichi, hata zile unazodhani hutazigusa kamwe. Boksi ziwe za kina. Kati ya swichi za ngazi na za korido, waache nyaya tatu badala ya mbili, na paipu ibaki na nafasi ya waya mwingine. Kila laini ya taa iwe na nyutro yake, isiazimwe popote. Halafu, kabla simiti haijapanda, piga picha ya kila ukuta ukiwa umeshika futi kamba kando ya paipu, uzihifadhi mahali ambapo hazitapotea na simu.